Kitanda cha Tano

Ijumaa ile ya mwaka tisini na tisa iliamka na joto kama siku zote za Agosti hapa Guangzhou: ukuta wa jikoni unatoa jasho, nguo zilizoanikwa tangu juzi bado mbichi. Baba alikuwa anapiga pasi kanzu yake juu ya meza ya kulia huku akinisema.

"Zabibu, watu wa jengo zima wananiuliza kama binti yangu ni bubu."

"Huwa nawasalimia, Baba."

"Unawasalimia moyoni. Leo tukitoka msikitini tutakula pale kwa Wachina Waislamu. Kutakuwa na wakubwa. Ukimwona mtu mzima unamfahamu, unakwenda, unatoa shikamoo ya kusikika. Nisione mtu anageuza uso ukutani."

Alikuwa na haki ya kunisema. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nikisikia mtu anapanda ngazi nilikuwa narudi ndani nijifanye nimesahau kitu mpaka apite. Baba alinitoa Kigoma mwaka ule, nimemaliza kidato cha pili, kwa sababu yeye Kiingereza alikuwa akikijua cha mdomo tu na mimi nilikuwa nakijua cha kuandika faksi. Mama alibaki na wadogo zangu. Asubuhi niliandika faksi kwa viwanda vya mikoba vya Shiling, mchana nilipika, jioni niliandika daftari langu.

Daftari lenyewe alinipa Papa Leon wa ghorofa ya nne. Sisi tulikaa ya sita, na jengo halikuwa na lifti. Papa Leon alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mnene, mwenye viatu vinavyong'aa, na alinunua mikoba kama Baba. Wawili hao walikuwa wakichangia kontena moja kila mara. Ni mtu pekee ambaye sikumwonea haya, maana alikuwa akiongea zamu yake na yangu. "Bonjour, maman Zabibu. Umelala? Bon. Umekula? Bon." Siku aliponiletea daftari alisema mtu asiyesema aandike, la sivyo maneno yatamwozea tumboni. Nilijua amefiwa na mdogo wake vitani. Aliligusia jambo hilo mara moja tu, akabadili mazungumzo.

Mgahawani kulikuwa kumejaa. Mpishi alikuwa akivuta tambi kwa mikono na kuzipiga mezani, paa, paa. Tulikaa meza ya duara, Baba, Papa Leon, Wazanzibari wawili na mimi. Meza ya pembeni alikaa Mhindi mmoja peke yake, amevaa kofia ya jua ndani ya nyumba, anakula akiwa ameinamia bakuli.

Niliitambua mikono yake kwanza. Mikono ile ilinishika tumbo siku kumi na moja mfululizo.

Nilisimama mwenyewe, bila kusukumwa, nikapita katikati ya viti, nikasimama mbele yake na kusema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua:

"Shikamoo, Daktari."

Angeweza kunitazama kama mtu asiyeelewa. Hapa mjini alikuwa anajulikana kama Bwana Lalji wa Nairobi, mnunuzi wa vigae, asiyejua lugha ila Kiingereza. Lakini mtu aliyeitikia watoto maisha yake yote hawezi kuiacha shikamoo ya mtoto ikining'inia hewani. Mdomo wake ulimtangulia.

"Marahaba, binti. Umekuwa mkubwa."

Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu. Niligeuka. Baba alikuwa amefumba macho. Papa Leon alikuwa ameweka vijiti vyake chini, kimoja kando ya kingine, na alikuwa anamtazama yule Mhindi kama mtu anayesoma bango lililo mbali.

Kabla sijaendelea lazima nieleze daktari huyu ni nani. Nitamwita Daktari Harishi, ingawa silo jina lake, na mji wetu sitautaja. Ni mji mdogo wa ziwani, upande wa Kongo, ambako Baba alikuwa na duka la vitenge na ambako sisi watu wa Kigoma tulikaa miaka tisa.

Daktari alizaliwa palepale, nyuma ya duka la baba yake, Mgujarati aliyekuja kuuza chumvi na misumari. Shule alisomea Kigoma kwa mjomba wake, udaktari akausomea India, kisha akarudi, jambo lililowashangaza hata Wahindi wenzake. Alikuwa na tabia ya kumtania mgonjwa mpaka sindano iwe imeshaingia.

Siasa ilimwingia kwa mlango wa kipindupindu. Mwaka mmoja mtaa wa chini ulizika karibu kila siku, na bomba la maji lilikuwa limekatika miezi na miezi. Daktari alikwenda kwa wakubwa mara nne. Mara ya tano alikwenda na akina mama wenye ndoo tupu, wakakaa barazani kwa wakubwa hao wakiimba mpaka fundi akaitwa. Baada ya hapo watu wakamwambia agombee udiwani. Namkumbuka sokoni amesimama juu ya kreti la bia, koti jeupe la hospitali bado liko mwilini.

"Mhindi atatuongoza wapi?" muuza dagaa mmoja akapaza sauti. "Bombay?"

"Nitakuongoza chooni, mama," akamjibu. "Ukitoka, unawe mikono. Ndiyo siasa yangu yote."

Soko zima lilicheka, na yule muuza dagaa mwenyewe alimpigia kura.

Vita vilipofika, mwaka tisini na sita, mimi nilikuwa nimelazwa, siku ya tisa ya homa ya matumbo. Mama alikuwa amevuka kwenda Kigoma kujifungua. Baba alikuwa akiniletea uji kila asubuhi, lakini siku ile hakuonekana. Barabara ya sokoni ilikuwa na risasi.

Wodi ya wanawake na ya wanaume zilitenganishwa na mlango ambao komeo lake lilishavunjika. Upande wa pili walikuwamo askari watano wa serikali, majeruhi, ambao wenzao walikimbia wakawaacha. Wa kitanda cha tano, kilicho karibu na mlango, aliitwa Faustin. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba, na kwenye ncha ya kamba mfuko wa mchanga, ili mfupa ujiunge sawasawa. Huyu alikuwa na maneno. Aliniita mchumba wa uji, kwa kuwa sikuruhusiwa kula kingine. "We mchumba wa uji, leo umemwacha uji umefuata ugali, ama bado?" Sikumjibu hata siku moja. Nilijifunika shuka nikicheka.

Milio ilianza mbali, upande wa mto. Ikasogea.

Kisha ikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonitisha zaidi.

Daktari aliingia anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Yeye na Mama Esperance, muuguzi wetu, wakawaleta askari wanne upande wetu mmoja mmoja, wakawalaza kwenye vitanda vya wanawake, wakawafunga vitambaa kichwani, wakawafunika vitenge mpaka kidevuni. Mmoja alilazwa kitandani kwangu, mgongo kwa mgongo. Alikuwa anatetemeka mpaka chuma cha kitanda kinalia. Mama Esperance alirudi kumficha mkono ndani ya shuka, kwa sababu ulikuwa mkono wa mwanamume.

Faustin hakuweza kuhamishwa. Kumfungua ule mguu kulihitaji muda.

Nikasikia buti. Wale waliouteka mji walivaa buti za mpira, kama za shambani, na juu ya saruji zilitoa sauti ya kunyonya, hatua kwa hatua. Mlango wa kati haukufungika. Nililala kwa ubavu, nikaona.

"Askari wako wapi?"

"Wamekimbia," daktari akasema.

"Wote?"

Mkubwa wao alikuwa ameshautazama mguu ulio hewani.

"Na huyu ni nani?"

Daktari alitupia jicho mlango wetu. Mara moja tu. Akakuta macho yangu yako wazi.

"Huyu ni askari," akasema. "Ndiye aliyebaki."

Faustin hakusema kitu nilichokisikia.

Mmoja wao akatoa kisu aikate kamba. Daktari akamshika mkono. "Ngoja. Nitamfungua mimi." Akapiga magoti. Akafungua fundo, akaushusha ule mguu kwenye godoro taratibu, kwa mikono miwili, kama anavyowekwa mtoto aliyelala. Wakamtoa na godoro lake.

Mlio ulikuwa mmoja, nyuma ya jiko.

Upande wetu hawakuingia.

Siku ya tatu walimwita daktari na kumfanya mkuu wa mji, kwa kuwa mkuu wa zamani alikuwa ameshavuka mpaka. Baba alimwuliza kwa nini amekubali. "Nikikataa, Bwana Ramadhani, watamweka mtu asiyejua klorini ni nini." Basi akawa mwanasiasa kweli, wa suti. Tulimwona jukwaani kando ya yule yule aliyeuliza askari wako wapi. Hospitali haikufungwa hata siku moja, lakini sokoni watu waliacha kumtania. Waliotaka kuvuka ziwa aliwaandikia ruhusa kwa mkono wake, na sisi alituandikia. Kwa karatasi ile tulifika Kigoma.

Baadaye, kama nilivyosikia, aligombana na wakubwa wake juu ya watu waliokuwa wakichukuliwa majumbani, wakamtoa madarakani. Vita vya pili vilipoanza akawa hana pa kusimama: waliomtoa walimwita msaliti, askari wa jeshi la zamani walimwita mtu aliyetoa majeruhi wauawe. Mama Esperance alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa. Wale wanne walitawanyika, sijui wapi. Katika watu waliojua kilichotokea wodini, waliokuwapo Guangzhou ni yeye na mimi.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata daftari sikuliandikia.

Kutoka mgahawani Baba hakunena mpaka tulipofika nyumbani na mlango ukafungwa. Alivua kofia yake, akaishika mkononi.

"Mimi ndiye nimekosa," alisema. "Mtoto haambiwi mambo ya wakubwa. Hili ningekuambia."

Akaniambia. Daktari alikuwa Guangzhou mwezi mzima, kwa jina la biashara ya binamu yake, ananunua dawa za hospitali ya mji wetu. Yale maboksi ya "vigae vya Bwana Lalji" yaliyokuwa yapakiwe kwenye kontena letu yalikuwa dawa na chupa za maji ya mishipa. Yangepita Dar es Salaam, yapande treni mpaka Kigoma, na daktari angeyapokea Kigoma na kuvuka nayo ziwa mwenyewe. Kwa hiyo Papa Leon, ambaye kontena ni lake pia, alikuwa anaijua safari yote bila kujua ni ya nani.

"Na Papa Leon anamtakia nini?" nikauliza.

"Mdogo wake alikuwa askari. Alilazwa hospitali ile. Faustin."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nisisikike.

Jumamosi Baba alikwenda Shiling kwa basi la asubuhi kuangalia zipu zilizokosewa. Saa tisa mchana mlango uligongwa.

"Maman Zabibu. Fungua, ni mimi."

Papa Leon aliingia akakaa ukingoni mwa kiti. Hakuniuliza kama nimelala, wala kama nimekula. Chai alikataa.

"Ule Muhindi wa jana ni munganga wa kwenu?"

Sikujibu. Akakubali kwa kichwa kama nimejibu.

"Baba yako alinielezaka, mwaka ule wewe ulilazwa kule hopitali. Mudogo wangu alikuwa kule. Alikuwa na miaka makumi mbili na moja. Kuko watu wananiambia munganga ndiye alimutoa. Kuko wengine wanakatala. Mimi sikufikaka kule hata siku moja. Wewe uliona?"

Maneno yote nilikuwa nayo. Watano. Wanne upande wetu. Mguu, kamba, fundo. Lakini la kwanza kutoka lingekuwa "alisema huyu ni askari," na nilimwogopa Papa Leon atakayekuwa amekaa pale kati ya neno hilo na yanayofuata. Nilitazama viatu vyake. Siku hiyo havikung'arishwa.

"Nilikuwa na homa," nikasema. "Sikuona kitu."

"Na kusikia?"

"Hata kusikia."

Alinitazama machoni. Nadhani alijua nadanganya, na nadhani alidhani anajua ni kwa nini: kumficha daktari.

"Bon," akasema, akatoka.

Nilikwenda dirishani. Nilimwona anatokea chini, anavuka njia ya baiskeli, anaelekea kwenye duka la kupigia simu za ng'ambo lililo kwenye kona. Alisimama mlangoni. Alitoa kitambaa akafuta shingo.

Nilishika kitasa cha mlango wetu. Ngazi za ghorofa sita ningezishuka upesi, nilikuwa na miguu mizuri. Ningemwita tu. Ningesema, Papa, ngoja.

Mkono ulibaki kwenye kitasa.

Niliporudi dirishani hakuwapo tena mlangoni pa duka. Alikuwa ndani.

Alikaa mle muda wa kuiva wali. Alipotoka hakuangalia juu.

Nilimweleza Baba aliporudi, kwamba Papa Leon alikuja na kwamba alikwenda kupiga simu. Nilivyomjibu sikusema. Baba alitoka na viatu vya ndani kwenda kumwambia daktari ahame nyumba ya wageni siku hiyo hiyo. Alirudi peke yake, ametota jasho.

"Anasema kesho atakuja hapa. Anataka nimwite Leon."

Jumapili baada ya adhuhuri walikaa watatu sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa jikoni na birika, mlango uko wazi nusu. Daktari hakuvaa kofia. Nywele zote zilikuwa zimeingia mvi. Hakuzungumza Kiingereza cha Bwana Lalji bali Kiswahili chetu cha ziwani.

"Papa Leon, nimesikia unaniulizia. Nimekuja."

"Mudogo wangu."

"Waliniuliza ni nani. Nilisema ni askari."

Kikombe cha Baba kiligonga sahani.

"Ulijua watamufanya nini?"

"Nilijua."

"Juu ya nini basi?"

Nilisubiri. Sasa atasema. Ni neno moja tu, wanne, na mimi nilikuwa tayari kutoka jikoni niseme ni kweli, niliwaona, mmoja alilala kitandani kwangu. Maji yalichemka yakamwagikia jiko na sikuyaondoa.

"Sababu ninayo," daktari akasema. "Lakini nikikupa sababu nitakuwa nimekuja kujitetea. Miaka miwili nimehutubia watu sababu. Leo niulize habari zake yeye. Hizo ni zako."

Papa Leon akaweka kikombe chini. Kisha akauliza kama Faustin alilia. Daktari akasema hapana. Akauliza kama alisema kitu.

"Nilipokuwa namfungua mguu aliniambia, 'Polepole, munganga.' Nikaenda polepole."

Nilisikia kiti kinasukumwa. Nilidhani anampiga. Nilifumba macho nikashika ukingo wa karo. Lakini Papa Leon alikuwa amesimama tu, anaelekea mlangoni, na mgongo wake kwetu ndio akasema:

"Usipite Kigoma."

Alishika kitasa bila kugeuka.

"Nimepiga simu jana. Kuko watu sasa wanajua njia yako. Siwezi kuirudisha ile simu."

"Dawa zinapita Kigoma," daktari akasema.

"Zipite peke yake."

"Zikipita peke yake zitaishia sokoni, Papa Leon. Wewe ni mfanyabiashara, unalijua hilo kuliko mimi."

Papa Leon akatoka. Daktari alimaliza chai yake, akaleta kikombe jikoni mwenyewe, Baba akimzuia. Alikisuuza. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile kupitia mlango.

"Ulikuwa macho," akasema.

"Ndiyo."

"Pole, binti."

Baba alimsihi siku mbili. Alimwambia aende India kwa dada zake. Alimwambia dawa anaweza kuzipeleka mtu mwingine, na daktari akamwuliza ni nani, na Baba hakuwa na jina la kumpa. Jumatano alipanda treni ya Hong Kong kwenda kutafuta ndege. Kontena liliondoka bandari ya Huangpu wiki iliyofuata. Papa Leon alitoa mikoba yake na hakuipakia humo.

Miezi ile niliogopa kila kitu. Niliogopa mashine ya faksi ikilia. Niliogopa polisi wa viza, niliogopa kukutana na Papa Leon kwenye ngazi, na yeye naye alikuwa anashuka mapema sana, kabla ya watu, ili asikutane nasi. Nilihesabu siku za meli, kisha za treni. Baba hakutaka kuhesabu pamoja nami.

Barua ya Mama ililetwa na mfanyabiashara wa Dar, imeandikwa pande zote mbili. Habari za wadogo zangu zilikuwa mwanzo. Halafu akaandika kwamba daktari alifika Kigoma, akala nyumbani kwetu wali na samaki wa ziwani, migebuka, akamsikiliza mdogo wangu kifua. Akavuka na maboksi yake. Ng'ambo, pale boti inapofunga, watu wawili walimwita kando kwa jina lake, bila kelele, wakapanda naye njia ya mlimani. Hajaonekana tena. Siku ya saba watu wa kando ya mto walizika mtu waliyemkuta amekufa. Maboksi yaliachwa ufukweni palepale, na akina mama wa soko wakayabeba vichwani mpaka hospitali. Hakuna hata moja lililopungua, Mama aliandika.

Baba alisoma, akanipa, akaenda kuswali.

Mimi nilishuka ghorofa mbili nikagonga mlango wa Papa Leon. Sikuwahi kugonga mlango wa mtu bila kutumwa. Alifungua akiwa na fulana, chumba kimejaa mikoba kwenye nailoni. Nilimpa barua. Aliisoma amesimama, taratibu, maana Kiswahili cha kuandikwa hakikumwendea upesi. Alipofika mwisho alikaa juu ya mzigo.

"Walikuwa watano," nikasema. "Wanne aliwaleta upande wetu, akawafunika vitenge. Mmoja alikuwa kitandani kwangu. Faustin hakuweza kuhamishwa, mguu wake ulifungwa juu. Angesema si askari, wangeingia kutafuta."

Nilisema yote bila kupumua. Yeye alikuwa anautazama mdomo wangu.

"Mbona yeye hakuniambia?"

"Sijui, Papa."

"Na wewe?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Ndiyo, Papa."

Aliikunja ile barua mara mbili, kisha akakumbuka si yake, akainyoosha. Barabarani chini muuza matunda alikuwa anamkatalia mtu bei, mei you, mei you, hakuna, hakuna. Papa Leon aliniuliza ulikuwa mguu gani. Nikasema wa kushoto. Aliweka kiganja juu ya paja lake la kushoto na kukiacha hapo, na mimi nilibaki nimesimama kati ya mikoba mpaka aliponiambia niende.

Papa Leon alihama kabla ya mwaka mpya. Sasa ni mwisho wa mwaka elfu mbili, na watu wa mji wetu wakikutana hapa bado wanabishana: daktari alikuwa mtu mwema aliyeharibiwa na siasa, au mwanasiasa tangu mwanzo. Huwa nawapakulia chakula nikiwasikiliza. Ninachojua ni kidogo. Alimtoa mtu mmoja kwa mdomo wake, akijua, na watu wanne wakapona. Hakuniomba niyaseme hayo, na hakunikataza.

Baba ananiambia simu ile ingepigwa tu, hata ningesema nini. Huenda. Lakini Papa Leon alipanda ghorofa mbili kuja kuuliza kwanza, na alisimama mlangoni pa duka lile akifuta shingo, na mimi sikumpa kitu cha kumrudisha.